Kazi Ambayo Mashine Haikuitaka

Mwinyimvua Sadallah alikuwa na kazi ya kukaa. Ndivyo walivyoisema watu wa Kibiti, tena kwa husuda isiyofichwa: wenzake wanainama mashambani na majembe, yeye amekaa kwenye kiti cha shirika la simu, kichwani kavaa chombo cha kusikilizia, mbele yake bodi ya matundu na nyaya, anachomoa huku, anachomeka kule, watu wanaongea. Miaka kumi na saba alifanya hivyo. Ukitaka kuzungumza na Dar es Salaam, Utete au Lindi, ulizungusha mkono wa simu, ukamsikia yeye: "Kibiti hapa, nikupe nani?" Hata ambao hawakuwahi kumwona walimjua kwa sauti. Jina lake walilisahau, wakamwita Bwana Simu.

Simu zenyewe hazikufika ishirini mji mzima. Polisi walikuwa nayo, zahanati, wenye kiwanda cha mbao, na wafanyabiashara wachache wenye vitambi. Kwa hiyo mtu wa Dar mwenye jamaa Kibiti asiye na simu, yaani karibu kila mtu, alipiga palepale kwenye bodi akaacha ujumbe. Na watu hawagharimikii simu ya mbali ili waseme hawajambo. Wanapiga wakifiwa.

Mwinyimvua alipomaliza zamu alipanda baiskeli yake akaupeleka ujumbe. Hakuna aliyemtuma, na haikuwa sehemu ya kazi yake. Alianza siku moja kwa huruma, basi ikawa ndiyo ada, na akawa na utaratibu wake. Akifika uani alivua kofia, akaamkia, akakaa. Kisha akauliza, "Mmekula?" Kama hawajala, alisubiri wale. Alikwisha kuona watu waliopewa habari wakiwa na njaa, na njia ya Dar wakati ule ilikuwa ya kukesha juu ya lori lililozama matopeni. Mfiwa hagusi kitu, anafika maziko akiwa wa kubebwa. Wakishakula ndipo aliposema, "Kuna simu imetoka Dar. Mgonjwa wenu amezidiwa, mnatakiwa." Alisema hivyo hata pasipokuwa na mgonjwa. Neno la kufa hakulitamka hata siku moja. Msikilizaji alielewa, lakini alielewa mwenyewe, polepole, akiwa amekaa chini na tumbo lina kitu.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa na kila kitu kikaja: mitumba, redio kubwa za kaseti, mashine za kukoboa mpunga, na barua za kupunguzwa kazi. Barua ya Mwinyimvua ilifika mwaka wa tisini na tano, imepigwa chapa vizuri, ina mhuri. Ilisema mtambo mpya utafungwa Kibiti, unaojiendesha wenyewe, na kwamba baada ya miezi mitatu shirika halitahitaji tena mtu wa bodi. Ilimshukuru. Aliisoma mara tatu akitafuta mahali palipoandikwa atakwenda wapi, na hapakuwapo.

Fundi aliyekuja kuufunga mtambo alikuwa mtu wa makamo kutoka Dar, jina lake Abdulrazaq, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alileta kabati la chuma lisilo na kiti mbele yake. Mwinyimvua alilizunguka mara mbili.

"Sasa mtu anakaa wapi?" akauliza.

"Mtu gani, mzee?"

"Wa kuunganisha."

"Haunganishi mtu. Mwenye simu anabonyeza namba zake, mtambo unajua wenyewe pa kumpeleka."

"Unajua?"

"Unajua. Saa ishirini na nne, haulali, hauendi chooni, haudai likizo."

Mwinyimvua akauliza swali lililokuwa limemkaa rohoni tangu asubuhi. "Na wewe fundi, ukishaufunga, utafanya nini?"

Abdulrazaq alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Ule wa zamani ulitaka mafundi themanini pale kwetu. Huu ukiharibika unasema wenyewe ulipoharibika. Tumebaki kumi na mmoja. Usiniulize tena, mzee wangu. Nina watoto."

Tangu siku ile Mwinyimvua akawa mtu wa kuogopa. Wala haikuwa hofu ya njaa, maana alikuwa na kipande cha mikorosho na mkewe Tatu alijua kukibana kibaba. Aliogopa kuwa mtu ambaye hakuna anayemhitaji. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Shamba la marehemu kaka yake lilikuwa huko Mloka, lakini huko mavuno huvunwa na tembo, na mikono yake ilikwisha kulainika kwenye nyaya. Ndipo alipoanza mchezo ambao watu waliudhani wazimu. Kila alipomaliza zamu alizunguka mjini na baiskeli, akasimama kwa huyu na yule mwenye kazi, akauliza: "Hii yako mashine inaiweza?"

Kinyozi alicheka, akamwonyesha mashine ya kunyolea iliyokuwa mkononi mwake. Makasi yalikuwa yanaota kutu dirishani. Wapasua mbao wa shimoni, wale wa kuvuta msumeno mmoja juu mmoja chini, walikuwa wamekaa kitako tangu kiwanda kipate msumeno wa umeme. Wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga wa watu kwa ujira walikuwa wanapanga foleni na vikapu vyao kwenye mashine ya kukobolea, wanalipa wao sasa. Mpiga chapa wa karibu na mahakama alimwambia kwa sauti ya chini kwamba huko Dar kuna kompyuta, ukikosea inafuta yenyewe bila hata kuonyesha kwamba ulikosea, na akaomba yasitajwe hayo mbele ya wateja. Mwinyimvua alimwendea hata mwosha maiti, mzee mmoja mpole. "Yangu sidhani," alisema. "Hakuna mwenye mali atakayenunua mashine kwa ajili ya wateja wasiorudi."

Jioni alimweleza Tatu matokeo ya utafiti wake: zimebaki za kuosha maiti, ukunga, na kutahiri.

"Basi chagua mojawapo," Tatu alisema, huku anapepeta mchele. "Ila ya kutahiri mimi nitahama nyumba, kwa mkono huo unavyotetemeka."

Siku ya mwisho alichomoa nyaya zote akazikunja moja moja, ingawa Abdulrazaq alimwambia zinakwenda kutupwa. Kabati la chuma likawashwa. Lilivuma kidogo tu, na taa ndogo za kijani zikaanza kupepesa, na kila taa ilikuwa ni watu wawili wanaongea bila yeye.

Wa kwanza kuvutiwa laini mpya alikuwa Sihaba, mjane mwenye duka mkabala na stendi. Huyu mama alikuwa hodari. Aliweka simu juu ya kaunta, akaandika kwa chaki, SIMU IPO, na watu wakaja kuongea na ndugu zao kama wamekaa barazani. Walicheka, waligombana, waliagizana nguo. Mwinyimvua alikuwa anapita na baiskeli yake bila safari, anasikia vicheko, anapita tena.

Mwezi wa pili tangu mtambo uwashwe ndipo yalipotokea ya Mwanamkuu. Alikuwa mama mtu mzima, amekuja dukani kununua mafuta ya taa, na kwa bahati simu ikalia ikamtaka yeye huyohuyo. Sihaba akampa mkono wa simu akiwa anatabasamu. Upande wa pili alikuwa mtoto wa dada yake, yuko Dar, ana haraka, anahofia sarafu zitaisha. Akasema, "Mama, Abdala kafa asubuhi, tunazika saa kumi." Abdala alikuwa mwanawe wa pekee. Mwanamkuu alisimama na simu sikioni kama bado anasikiliza, kisha akaanguka kwa upande, na mafuta ya taa yakamwagika sakafu nzima. Hakufa. Lakini mkono wake wa kulia haukuinuka tena, wala ulimi wake haukutamka tena neno lililonyooka.

Mtambo haukuwa na kosa lolote. Ulimtafuta mtu, ukampata, ukampa maneno yaleyale aliyotumiwa.

Sihaba aliiogopa simu yake tangu siku ile. Aliifunika kanga, na ilipolia aliiacha ilie huku wateja wanatazamana. Siku ya tatu alikwenda kwa Mwinyimvua mwenyewe, akamkuta amekaa chini ya ukuta wa nyumba yake anachokonoa udongo kwa kijiti.

"Bwana Simu, njoo ukae na kile kidude," alisema. "Mimi sikitaki. Kila mchana sahani yako ipo, na Ijumaa sitakuacha mikono mitupu. Za furaha waongee wenyewe. Zile nyingine uzipokee wewe, uzipeleke kwa njia yako."

Alirudi nyumbani siku hiyo anaimba. "Imeshindwa!" alimwambia Tatu kutoka mlangoni. "Mtambo wa mamilioni umeshindwa kazi yangu!"

"Mashine haikushindwa, baba Warda," alisema Tatu. "Haikuitaka."

Hakuyajali maneno hayo wakati ule, alikuwa na furaha mno. Aliyaelewa taratibu. Zamani Bwana Simu alikuwa anapita katika kila jambo la mji: bei ya korosho, posa, mtoto aliyefaulu, wagombanao, watongozanao. Msiba ulikuwa mmoja kati ya hayo. Sasa mashine ilichukua yote matamu na kumwachia hilo moja. Watu walipomwona anakuja hawakuwa na cha kukisia. Ilikuwa inatosha baiskeli yake ikunje kona ya mtaa, wanawake wanaacha kupika, wanasimama kila mmoja mlangoni kwake wanaangalia atapita nyumba gani. Alipopita walimshukuru Mungu kwa sauti, na yeye akiwasikia.

Akaanza kupiga kengele ya baiskeli njia nzima. Hiyo ikawa ndiyo alama: Bwana Simu akija anapiga kengele, hana neno, anakwenda zake, akija kimya, mna msiba. Watoto waliijua kabla ya kujua kusoma. Siku moja kengele ilikatika springi, naye akasahau, akaingia kimya kwenye uwanja wenye harusi kwa sababu tu aliona watu akapenda kuwapongeza. Bibi harusi alizimia. Tangu hapo hakualikwa tena mahali. Akiuliza mtu, kwa wema tu, kwa mazoea ya mdomo, "Hujambo bwana, umekula?", yule mtu aligeuka rangi. Barazani walipokuwa wanacheza bao walimpisha nafasi pana kuliko aliyohitaji. Alikuwa na kazi, na alikuwa anaiogopa. Alimwambia Tatu, "Nimeuliza mji mzima kazi gani haiondoki. Sikuuliza kwa nini haiondoki."

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, Tatu alifungasha nguo akaenda Mbagala. Binti yao Warda, aliyeolewa huko, alikuwa karibu kujifungua mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza haiachwi bila mama. "Habari njema nitaipiga mwenyewe," alisema Tatu akiwa juu ya ngazi ya basi. "Nitaomba simu kwa jirani. Nawe siku hiyo usivue kofia, tafadhali." Walicheka wote wawili. Mwinyimvua alianza kuisubiri simu hiyo kwa namna ambayo hakuwahi kuisubiri simu yoyote. Aliipangusa vumbi. Alimwomba Sihaba, endapo italia yeye akiwa hayupo, ainyanyue walau mara hii moja, na Sihaba akakubali shingo upande.

Siku ya nane ulikuja ujumbe wa Bungu. Mzee Tamimu wa Bungu alikuwa amefiwa na kaka yake huko Temeke. Mwinyimvua hakupenda kuondoka, lakini Bungu si mbali sana kwa mtu aliyezoea baiskeli, na mzee mwenyewe hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Aliondoka asubuhi. Alifika, akavua kofia, akakaa, akauliza kama amekula. Mzee Tamimu alimtazama kofia, akatazama baiskeli iliyokuja kimya, akasema, "Bado, bwana. Nikaribishe basi katika chakula changu mwenyewe."

Mkaza mwanawe akaleta ugali na kisamvu. Mwinyimvua akamega mara mbili tatu kwa heshima. Lakini yule mzee alikula, jamani. Alikula tonge moja, akalizungusha mkononi, akatafuna mpaka likaisha kabisa, akanywa maji, akauliza habari za mvua. Akamega lingine. Sahani ilipoisha akamwambia mkaza mwanawe aongeze. Ikaisha ile, akaomba tena. Jua lilikuwa linapanda, Mwinyimvua akili yake iko Kibiti kwenye simu, na moyoni akamsema vibaya: mzee mlafi huyu, anafiwa na huku anajaza tumbo. Mwishowe hapakuwa na ugali tena. Mzee Tamimu alinawa mikono kwa utaratibu, akafuta, akasema, "Haya. Sema sasa." Na machozi yalikuwa yamekwisha kumfika ndevuni kabla Mwinyimvua hajafungua mdomo.

Alirudi akipiga kengele njia nzima, anakanyaga kwa nguvu. Aliingia mjini watu wakitoka kuswali alasiri. Mmoja wao, aliyezoea kumkwepa, alisimama akamsalimu kwa upole, akamshika hata bega. Alishangaa kidogo, akaendelea.

Dukani kwa Sihaba hapakuwa na mteja. Kitu cha kwanza alichokiona ni kanga ya kufunikia simu. Ilikuwa imekunjwa vizuri, imewekwa pembeni ya kaunta, na simu iko wazi.

"Ililia?" aliuliza kabla hajashuka vizuri kwenye baiskeli.

"Ililia," alisema Sihaba.

"Ya nani? Niipeleke wapi?" Mkono wake ulikwisha kwenda kwenye kofia wenyewe, kwa mazoea.

Sihaba alizunguka kaunta, akamvutia kile kiti chake, akakipangusa kwa kiganja ingawa kilikuwa safi. "Kaa kwanza, mzee wangu," alisema. Akatazama chini. "Umekula?"

Mwinyimvua alikaa. Akawahesabu waliokuwa kule Mbagala: Warda, mama yake, na mtoto. Watatu. Mashine ilikuwa imeshamwambia Sihaba ni yupi, na Sihaba alikuwa amesimama mbele yake amelibeba jina lenyewe, na lilingoja mdomo ufunguke tu litoke.

"Bado," alisema. Sauti ile ambayo Kibiti nzima iliijua haikutoka vizuri. "Sijala cha maana tangu asubuhi."

Sihaba akaleta sahani iliyokuwa imefunikwa. Wali na perege wa nazi. Alikuwa ameiandaa mapema, ilikwisha kupoa. Mwinyimvua alinawa, akamega tonge dogo kabisa. Alichambua miiba ya samaki, hata ile laini isiyomdhuru mtu, akaipanga ukingoni mwa sahani. Alitafuna. Maadamu anatafuna, watatu wote walikuwa hai. Warda analalamika mgongo, Tatu anamkanda, mtoto yuko tumboni anageuka. Nje basi la Dar liliingia stendi, wapakuzi wakapiga kelele, hakugeuza kichwa. Akamega lingine. Hakuisikia ladha ya chakula hata kidogo, wala hakuacha kula.

Sahani ikaisha. Alikusanya punje zilizobaki, moja moja, mpaka pakawa peupe. Sihaba alivuta pumzi, akafumbua mdomo.

"Niongezee," alisema Mwinyimvua haraka. "Niongezee kidogo, mwanangu."

Sihaba aligeuka akachukua upawa. Sufuriani kulikuwa kumebaki ukoko tu.